Picha Iliyonivunja Miguu

Huko Buganguzi wapo watu wanaoamini mpaka leo kwamba nilivunjika miguu yote miwili Ulaya, nikaungwa. Nimechoka kubishana nao. Juzijuzi mzee mmoja aliniona nachechemea kwa sababu kiatu kilikuwa kinanibana, akatikisa kichwa, akasema, "Yale mambo ya Uswisi yanarudi." Nilitaka kumpa jibu lake, lakini ni mjomba wangu, na mjomba hapewi jibu lake.

Basi ngoja niyaandike mwenyewe kabla hawajayaandika wao.

Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio, tulipokuwa tukiitana ndugu hata na mtu uliyegombana naye. Nilikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kukoboa kahawa pale Bukoba mjini. Nilipanga chumba Kashai, nilikuwa na mashati matatu mazuri, na nilijiona. Mhaya kujiona si habari, najua. Wakubwa wa kiwanda wakanichagua niende Uswisi mwaka mmoja na nusu, nikajifunze mashine za aina mpya. Niliposikia nilikwenda kwa mama yangu Buganguzi siku hiyohiyo. Mama alikuwa mjane, analima kibanja chake mwenyewe, migomba na kahawa. Akasema, "Huendi popote mpaka uposwe." Alimaanisha nipose, lakini kwake ilikuwa vilevile, maana yeye ndiye aliyekuwa anapanga.

Binti nilikuwa ninaye. Alikuwa wa Nshambya, mkimya, mwenye macho ya kukupima mpaka unajikagua vifungo. Tatizo lilikuwa baba yake. Yule mzee alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na mimi Mkatoliki wa kukaa karibu na mlango. Alituzungusha miezi minne. Mwishowe akakubali, tukapeleka lubisi, pombe yetu ya ndizi, na tukapeleka jembe. Kwetu jembe ndilo posa yenyewe. Ukoo wa mwanamume unapeleka jembe jipya, na likipokelewa, binti ana mwenyewe. Likirudishwa, mambo yamekwisha, hata salamu mnapunguza. Jembe letu lilipokelewa. Nikapanda meli kwenda Mwanza nikiwa na amani moyoni na soksi za sufu alizonifumia mama mmoja wa parokia.

Uswisi sitaieleza yote. Ni nchi safi mpaka inaudhi. Nilikaa kwenye bweni la wafanyakazi, chumba kimoja na kijana mmoja wa milimani kwao huko, mpasua chuma, mtu mwema mwenye kelele. Ilipokaribia Februari kiwanda kikatangaza likizo ya wiki moja, na vijana wa bweni wakaamua kwenda kuteleza kwenye theluji. Yule mwenzangu akanimwagia kitandani vitabu vya picha vya miji ya milimani, akasema, "Wewe ni mgeni. Chagua wewe, sisi tutakufuata."

Loo! Kwetu mgeni hachagui hata paja la kuku. Anakaa, anapewa, anashukuru. Huyu ananipa Ulaya nzima nichague. Sikulala vizuri. Nilichukua ile kazi kwa makini kuliko nilivyowahi kuchukua mtihani wowote, nikakaa na vile vitabu wiki tatu.

Kwanza nilichagua kijiji kidogo chenye kanisa na ng'ombe watatu kwenye jalada. Ng'ombe walikuwa wanono. Mwenzangu akacheka mpaka akakaa chini. Akasema pale pana kamba moja tu ya kupandisha watu mlimani, tutapamaliza kabla ya chai ya saa nne. Akanieleza kwamba kuna sehemu kubwakubwa, ambako mabonde manne au matano yameunganishwa kwa kamba na viti vya kuning'inia, unapanda upande huu asubuhi na mchana unakula upande wa pili wa mlima. Akanifunulia ramani ya mojawapo. Mama yangu! Mistari ya kijani, ya buluu, myekundu, myeusi, imeshuka kila mahali. Ilinikumbusha ramani za vijiji vya ujamaa zilizobandikwa ofisini kwetu, zile za nyumba zilizopangwa safu na hakuna mgomba hata mmoja. Tofauti ni kwamba huku watu walikuwa wanalipa ili wahamishwe.

Nikauliza maswali ya mtu mwenye akili. Kitanda kiko mbali gani na ile kamba? Maana sikukusudia kubeba zile mbao za kutelezea begani maili nzima kama kuni. Theluji inatosha mpaka mwisho wa wiki, au itaisha tukabaki tunatazamana? Mistari ya kijani, yaani njia za wasiojua kuteleza, iko chini tu kwenye matope, au na huko juu ipo, ili na mimi nione kinachoonwa na wenzangu? Vijana wa bweni wakanitazama kwa heshima. Wengine walikuwa wanakwenda huko tangu utotoni na hawajawahi kuuliza.

Lakini sababu yangu ya kweli ya kuchagua mahali pakubwa kuliko pote sikuwaambia. Nilipiga hesabu hivi: nitaanguka, hilo halina ubishi. Kijijini kwenye kamba moja nitaanguka mbele ya watu walewale Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumanne watakuwa wananijua. Lakini penye mabonde matano, nikiaibika bonde la kwanza, kesho naamkia bonde la pili ambako hakuna aliyeniona. Hiyo ndiyo akili ya Kihaya, na sitaiombea radhi.

Tulifika usiku na asubuhi nikafungua dirisha. Weupe. Sijui niseme nini zaidi, weupe mpaka machoni panauma. Wakanivisha viatu vizito vinavyofika katikati ya muundi, vigumu, huwezi kukunja kifundo. Wakanifunga mbao mbili ndefu kuliko mimi. Wakanipa fimbo mbili. Kisha wakanipeleka kwa mwalimu wa wasiojua, na darasa langu lilikuwa na watoto kumi na mmoja wa miaka mitano na mimi. Watoto wale waliteleza. Mimi nilikaa chini. Nikiinuka nakaa tena. Binti mmoja mwenye kofia ya masikio alikuja akanishika mkono bila kusema neno, akanivuta, na mimi mwanamume mzima, fundi mwenye cheti, nikamfuata.

Jumanne nikahamia bonde la pili kama nilivyopanga. Jumatano la tatu. Kile kiti cha kamba kilinishangaza kuliko vyote. Kinakuja nyuma yako, kinakupiga magotini, kinakubeba juu, miguu inaning'inia na mbao zake. Unafika kileleni. Kwetu mtu akipanda mlima ana sababu: amefuata mbuzi kwenye rweya, nyika ya malisho, ameitwa msibani, au anamkwepa mwenyekiti. Pale kileleni palikuwa na watu mia mbili na hakuna hata mmoja mwenye shughuli. Wanapanda ili washuke. Wakishuka, wanapanga foleni wapande.

Niliwadharau mpaka Alhamisi saa tano. Alhamisi saa tano mbao zilinitii. Sijui zilikuwa zinangoja nini. Nilianza mstari wa kijani, nikakunja magoti kama nilivyoambiwa, nikaegemea upande, zikageuka. Nikaegemea upande mwingine, zikageuka tena. Upepo ulinijaa kifuani. Nilipiga kelele kwa Kihaya, maneno ambayo padri wangu asingeyapenda, nikashuka mpaka chini bila kukaa. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kupita siku niliyopata cheti. Nikapanga foleni na wale wajinga wengine nipande tena, na nikapanda mpaka walipofunga kamba jioni.

Chini alikuwepo mpiga picha. Nikamwita. Nilisimama nimeegemea fimbo zangu mbili, mbao miguuni, viatu vimefika muundi, miwani myeusi ya kuzuia mwanga, na mwalimu amenishika kiwiko maana mahali penyewe palikuwa na mteremko. Nyuma weupe mtupu. Nikaituma nyumbani kwa mama, na nyuma ya picha nikaandika: "Niko mzima kabisa. Msiwe na wasiwasi wowote."

Hapo ndipo nilipojiharibia. Mtu wa kwetu anayejua kuandika barua haandiki hivyo. Habari mbaya haiandikwi, inabebwa na mtu mzima inyamazwe njiani mpaka ifike. Kwenye barua kila mtu ni mzima. Mtu akiandika mara moja kwamba ni mzima, ni salamu. Akiandika "mzima kabisa", watu wanaanza kuulizana. Akiongeza "msiwe na wasiwasi wowote", wanawake wanaweka majembe chini.

Picha ilipofika, mama alimpelekea mzee wa kijiji anayeunga mifupa. Yule mzee alikuwa hodari kweli, hospitali ya misheni yenyewe ilikuwa inamtumia wagonjwa wa mikono, naye alijua anajua. Akaishika picha mbali na macho, akaigeuza kwenye mwanga. Akasema mbao za urefu ule hazifungwi kwa mfupa mdogo. Yeye mwenyewe akiunga paja hufunga mianzi kutoka kiunoni mpaka nje ya kisigino. Hizi zimepita vidole kwa dhiraa nzima, na ni miguu yote miwili. Viatu vile ni plasta. Fimbo ni fimbo, hata mtoto anaziona. Yule Mzungu ni daktari, amemshika asianguke. Mama akauliza juu ya miwani. Mzee akashusha sauti kwa huruma, akasema, "Na macho." Mama akauliza juu ya ule weupe. Akaambiwa ni barafu, wamemweka juu yake ili nyama isiharibike, si unaona samaki wa mjini?

Mama alilia siku mbili. Kisha akaniandikia barua ya salamu tupu, kila mtu mzima, na mwisho akauliza kama ninakula. Nikashtuka. Ndugu yangu mmoja ndiye aliyeniandikia pembeni kuhusu maneno ya mzee wa mifupa. Nilicheka mpaka mwenzangu wa bweni akaamka. Nikakaa nikaandika kurasa nne. Nikaeleza kwamba sijavunjika popote, ule ni mchezo. Unafunga mbao miguuni kwa hiari yako, unapandishwa mlimani kwa kiti kinachoning'inia kwenye kamba, unateleza mpaka chini, kisha unalipa wakupandishe tena.

Ile barua ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alisema ubepari umemfanya kijana wetu kitu kibaya. Mzee wa mifupa alisema kwamba sasa amejua kichwa nacho kiligonga.

Wiki chache baadaye nikapata barua kutoka Nshambya, mwandiko wa baba mkwe wangu mtarajiwa, ulionyooka kama mistari ya daftari. Hakuzunguka. Alisema amesikia hali yangu, ananiombea, lakini binti yake hakuzaliwa awe muuguzi. Jembe lilikuwa limerudi.

Sikucheka tena. Niliisoma ile barua nimesimama karibu na mashine na sikusikia kengele ya chakula. Nikaandika barua tatu kwa binti mwenyewe, moja kila wiki, nikaapa, nikachora mguu wangu wa kulia na wa kushoto. Hazikujibiwa. Baba yake alikuwa anazipokea posta, nilikuja kujua baadaye. Nikabaki na miezi mitano ya kumaliza mkataba, nikiwa na miguu miwili mizima ambayo hakuna aliyeitaka.

Novemba nikashuka melini Bukoba, koti mkononi, sanduku begani. Nilishuka ngazi mwenyewe. Gatini walikuwa wamesimama wanaume wanne wa Buganguzi na machela, na mzee wa mifupa pembeni yao na furushi la mianzi. Walikuwa wanatazama nyuma yangu, ngazini, wanangoja niletwe. Nikasema, "Waitu, jamani, ni mimi." Mmoja akaniambia, "Tunakuona. Mgonjwa yuko wapi?" Kisha akajisikia alichosema, akaziba mdomo.

Mzee wa mifupa hakushangaa. Aliweka furushi chini, akapiga goti moja mbele ya abiria wote, akanikunja suruali mpaka juu, akaniminya miundi, akanigonga magoti, akanipapasa paja mpaka nikasogea. Watu wakasimama kutazama. Akainuka, akajifuta mikono. "Imeunga vizuri sana," akatangaza. "Hawa Wazungu tusiwadharau." Nikamwambia haikuvunjika. Akanipiga bega kwa upole, kama mtu anayemkubalia mgonjwa wa akili, akasema, "Ndiyo, ndiyo, mwanangu."

Tulipanda basi mpaka njia panda, kutoka pale ni miguu. Wale wanne walikuwa wamekasirika. Wametoka nayo machela asubuhi na mapema, wameiacha kazi ya shamba la kijiji kwa ruhusa ya mwenyekiti, na sasa watarudi nayo tupu waonekane wapuuzi? Wakalilaza sanduku langu juu yake, wakalifunika kwa koti, wakalibeba begani. Mimi nikafuata nyuma. Wanawake waliotoka shambani walitua mizigo, wakainamisha vichwa. Mmoja akaniambia mimi, "Poleni sana. Alikuwa ndugu yako?" Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Nilicheka kwa nje. Ndani nilikuwa ninaogopa kufika, maana nilijua nitalikuta lile jembe limesimamishwa pembeni ya mlango wa mama, na nitapita karibu nalo kila siku.

Mlangoni hapakuwa na jembe. Mama alitoka, akanishika uso, akanishika mikono, akainama akanishika miguu, akalia kwa sauti. Kisha akanigeuza kwa mabega, akanielekeza kibanjani. "Kwanza nenda huko," akasema.

Nilipita kwenye migomba. Kibanja kilikuwa kimelimwa kuliko nilivyokiacha, majani makavu yamepogolewa, nyasi zimetandazwa vizuri kwenye mashina. Na katikati yake alikuwa mchumba wangu wa Nshambya, ameinama, analima. Analima kwa jembe langu la posa.

Baba yake alipoamua kurudisha jembe, alimtuma mwanawe wa kiume. Binti akamwambia kaka yake, lete, nitalipeleka mwenyewe. Akapanda basi nalo. Alipofika kwa mama akasema, "Mama, baba ameniambia jembe lirudi kwenu. Nimelileta. Na mimi nimekuja nalo, maana mtu wako hataweza kulima tena, na wewe umeshachoka." Akaingia ndani. Msichana ambaye hajaolewa, Mlutheri, anajiingiza mwenyewe kwenye nyumba ya mchumba Mkatoliki ambaye hana miguu na pengine hana macho! Buganguzi nzima ilikuwa na chakula cha mdomo mpaka mavuno ya kahawa. Mama akamlaza chumbani kwake na akakataa kulizungumza na mtu wala kuniandikia.

Mchumba wangu aliinuka, akaniona. Hakunikimbilia. Alinitazama miguu muda mrefu, mkono umekaa juu ya mpini.

"Tembea," akasema.

Nikatembea mpaka mgomba wa mwisho na kurudi.

"Ruka."

Nikaruka. Nilijisikia mjinga, lakini nikaruka tena.

Akaokota bonge la udongo akanitupia, likanipiga tumboni. "Miezi sita!" akasema. "Miezi sita nalima, nalia, najifunza kwa yule mzee namna ya kumgeuza mtu kitandani asipate vidonda! Kumbe unacheza!" Akakaa chini kwenye nyasi akafunika uso. Sikujua kama nisogee. Nilisogea, akanisukuma, nikasogea tena, akaniacha.

Baadaye akafuta macho kwa kanga, akauliza, "Ulikuwa mtamu, huo mchezo?"

Niliwaza kudanganya. "Mtamu sana," nikasema.

"Haya," akasema, na akaendelea kulima.

Habari zilifika Nshambya haraka kuliko basi. Siku ya tatu baba yake akaja, amevaa suti, na nikapita mbele yake mara mbili makusudi nimebeba maji. Akatazama. Akakubali lubisi ya mama. Akakohoa, akasema kwamba palikuwa na kutoelewana, kwamba yeye hakuwa na neno, na kwamba kwa hali aliyoiona kwa macho yake, kijana anafaa, binti arudi naye Nshambya, jembe liletwe upya na mambo yaende kwa utaratibu. Mama alifurahi. Wajomba walifurahi. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nishukuru.

Mchumba wangu alisimama mlangoni. Alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Hakumjibu baba yake, alinigeukia mimi.

"Tata anasema sasa unafaa," akasema. "Mimi nilisema unafaa ulipokuwa huna miguu. Wewe hujasema kitu. Ungeniona mimi kwenye picha vile, ungekuja?"

Nilitafuta jibu ndani yangu kwa uaminifu, na nilichokikuta sikukipenda. Kwetu mwanamke ndiye anayepiga magoti kumsalimu mwanamume. Mwanamume hapigi, labda kwa Mungu na kwa mkubwa wake. Mimi nilishuka chini pale sakafuni, magoti yote mawili, mbele ya mama, mbele ya wajomba, mbele ya Mlutheri mwenye suti. Mama akaziba macho kwa aibu.

"Sijui," nikamwambia. "Sijui kama ningekuja."

Alinitazama kwa yale macho yake ya kupima. Kisha akainama, akanishika mkono, akaniinua mwenyewe.